Nyanya za Mfungo Sita

Mwanamkuu binti Abasi alikuwa hajamaliza kukunja mswala wa alfajiri aliposikia sauti ya Raymundi ikipanda kutoka mbugani, bondeni kwenye bustani ya kijiji.

"Chumvi! Jamani, chumvi! Bustani imemwagiwa chumvi!"

Raymundi alikuwa mgambo wa kijiji, kijana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na mtu asiyejua kusema jambo polepole. Mwanamkuu akajitupia khanga ya pili mabegani, akavaa kandambili, akateremka. Njia ya kwenda mbugani ilipita katika mfereji mpana ulioota nyasi, ambao zamani ulikuwa barabara ya misafara ya wapagazi. Baridi ilimuuma vidole vya miguu. Kabla hajafika chini, jua lilikuwa limekwisha chungulia juu ya miombo na kuutandaza mwanga wake juu ya bonde zima.

Alipofika hakuona chumvi. Aliona nyanya.

Jana jioni matuta yale yalikuwa yamesimama kijani, kila mmea umefungwa kwenye kijiti chake, na matunda ya kwanza yameanza kupiga wekundu. Sasa majani yote yalikuwa meusi, yamelegea kama mchicha uliotoka chunguni. Aliligusa shina moja. Likapondeka katikati ya vidole vyake na kutoa maji. Tunda alilolichuma lilikuwa na rangi ya ukungu, laini, limekufa. Akatazama tuta la pili, la tatu, mpaka mwisho wa bustani. Hapakuwa na mmea hata mmoja uliosalia. Mwanamkuu akasimama, tunda lile mkononi, asijue aliweke wapi.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe, sikukusalimu," alisema Raymundi akihema.

"Marahaba. Iko wapi hiyo chumvi?"

"Haki ya Mungu, bibi, ilikuwepo! Nyeupe, imetanda juu ya majani, juu ya nyasi, kila mahali. Nimepanda kuwaita watu, narudi, imekwisha ingia ardhini. Tazama, udongo umelowa."

Udongo ulikuwa umelowa kweli. Na Mwanamkuu, aliposikia neno "nyeupe", alihisi kitu kikimgonga kifuani, kisha akakizuia kisiingie.

Mtu anayetaka kuelewa kwa nini alikizuia hana budi kujua alivyofika pale. Mwanamkuu alizaliwa Tabora mjini, mtaa wa Gongoni, mjukuu wa mpagazi aliyechoka na safari akaamua kukaa, na binti wa fundi cherehani. Mzee Abasi alishona kanzu mchana, na jioni akalima bustani ndogo katika mbuga iliyokuwa nyuma ya mji. Alipenda nyanya kuliko mboga nyingine zote. Mwaka mmoja, Mwanamkuu akiwa bado mwanamwali, baba na binti waliteremka asubuhi wakakuta bustani imekuwa nyeupe kama iliyonyunyiziwa unga. Na jua lilipopanda, weupe ukayeyuka na nyanya zikawa nyeusi. Mzee Abasi alisema ile ni jalidi, umande ulioganda kwa baridi, neno alilolipata kwa mteja wake Mwarabu. Kisha akatoa kauli ambayo binti yake aliishika maisha yake yote: Mfungo Sita una meno, usishushe miche mbugani mpaka utoke. Mfungo Sita, mwezi wa sita tangu kumalizika kwa Ramadhani, ndio mwezi wa Maulidi, na mwaka ule Maulidi yalikuwa yanasomwa siku zile zile. Kabla mwaka haujaisha, Mzee Abasi akafariki kwa homa.

Mwanamkuu akaolewa na Omari, mwenye duka la vitambaa, na kwa muda mrefu mikono yake haikugusa jembe. Omari alipokufa, nyumba ikawa ya ndugu zake. Ndipo Mwanamkuu, mama wa mjini asiyekuwa na mtoto, alipoitikia wito wa vijiji vya ujamaa, akaenda Ikongwa, safari ya asubuhi moja kwa baiskeli kutoka stesheni ya Igalula. Watu walimcheka. Walisema mwanamke wa Gongoni atalima kwa kijiko. Lakini yeye alikuwa na mbegu zake katika fundo la khanga, na alikuwa na kauli ya baba yake. Alisia kitalu juu, karibu na nyumba, akawazuia watu wasiishushe miche mpaka Mfungo Sita umetoka. Mwaka ule wa kwanza baridi ilikuwa kali, na watu wa kijiji cha jirani, waliotangulia kupanda katika mbuga yao, walipoteza kila kitu. Nyanya za Ikongwa zilizaa mpaka watu wakazisusa. Tangu hapo hakuna aliyemcheka tena. Mwenyekiti wa kijiji, Silasi, Mmoraviani mnyofu aliyependa mambo yawe na utaratibu, alikuwa akisema mkutanoni kwamba bustani ya kijiji ina bwana shamba wake, ila huyu amevaa ushungi.

Miaka iliyofuata mambo yalizidi kuwa mazuri. Kila mwaka miche ilishuka mapema kidogo kuliko mwaka uliotangulia, na nyanya za Ikongwa zikawa zinawahi soko la mjini kabla ya za wengine. Watu walisifu. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ndivyo walivyofika mwaka wa sabini na nne. Maulidi yakasomwa, Mfungo Sita ukatoka, mvua zikakatika, na Mwanamkuu akatangaza kwamba miche ishuke. Aliyepinga alikuwa mmoja, Kashindye, mfugaji na mkulima wa karanga, mwenye kiburi na mdomo mrefu. Kupinga kwake hakukutokana na elimu yoyote ya baridi. Alitaka tu watu wamalize kwanza kuvuna karanga, maana shamba lake lilikuwa limemshinda.

"Nyanya zina haraka gani, mama?" aliuliza mbele ya mkutano. "Zinasafiri?"

"Kashindye baba," Mwanamkuu alimjibu, "wewe hata kaburi lako utaomba lichimbwe baada ya karanga."

Mkutano ulicheka mpaka watoto wakaamka. Kashindye alikunja uso akasema maneno ambayo kila mtu aliyasikia: "Haya. Zikifa nyanya zako, mimi nitacheka peke yangu."

Sasa zilikuwa zimekufa, na sikukuu ya Sabasaba ilikuwa imekaribia, na kijiji kilikuwa kimeahidi kupeleka nyanya katika maonyesho ya mjini. Aidha kila mtu alijua kwamba Kashindye alikuwa na nduguye huko Uvinza aliyemletea chumvi kwa garimoshi, gunia zima, ya kuwalambisha ng'ombe. Raymundi hakuhitaji kuambiwa. Alikwenda nyumbani kwa Kashindye na wenzake wawili, wakarudi naye pamoja na gunia. Gunia lilikuwa nusu.

Watu walikusanyika mbele ya ghala la kijiji. Silasi alisimama, kofia mkononi, uso wake umepauka.

"Ndugu Kashindye, nusu ya chumvi hii imekwenda wapi?"

"Imekwenda matumboni mwa ng'ombe, Mwenyekiti. Waite uwaulize."

"Hili si jambo la mzaha. Hii ni mali ya wote. Mtu akiharibu mali ya kijiji, hiyo ni hujuma, na mimi sina uwezo wa kuimaliza hapa. Nitakupeleka mjini."

Kashindye alitazama huku na huku. Mkewe, aliyekuwa na mimba kubwa, alikaa chini pale pale vumbini kama mtu aliyekatwa miguu.

"Lakini kabla sijafanya hivyo," Silasi aliendelea, "nataka kutenda haki. Mama Mwanamkuu, wewe umepata kutusimulia habari za jalidi. Sisi wenyewe hatujaiona kwa macho. Weupe huu alioukuta Raymundi, yawezekana ni jalidi?"

Macho yote yakamgeukia. Mwanamkuu alijua nyanya zile zilivyofanana na zile za baba yake. Mkono wake bado ulikuwa na maji ya shina lililopondeka. Lakini kauli ilikuwa kauli. Kama ile ni jalidi, basi Mzee Abasi alisema uongo.

"Jalidi ni ya Mfungo Sita," alijibu. "Na Mfungo Sita ulitoka zamani."

Maneno hayo yalitosha. Kashindye akaingizwa ghalani, juu ya magunia ya karanga, mlango ukatiwa komeo, na ikaamuliwa kwamba asubuhi migambo watampeleka Igalula kupanda garimoshi. Alipokuwa akipita mbele ya Mwanamkuu hakumtukana. Alimwambia tu, kwa sauti ya chini, "Mama, hata wewe?"

Alasiri ile Mwanamkuu alikaa uani akichambua mchele ambao hakukusudia kuupika. Jirani yake Apolinaria, mke wa katekista, alikuja na kigoda chake kama kawaida. Walikuwa wamezoeana tangu siku za kwanza za kijiji. Krismasi Mwanamkuu alikula kwa Apolinaria, na Maulidi Apolinaria alikula kwa Mwanamkuu.

"Jamani Kashindye," alisema Apolinaria. "Mtu mzima, na watoto wake. Chumvi yote ile, shoga yangu, si angetupa sisi tukaungia mboga?"

Mwanamkuu akaendelea kuchambua mchele.

"Na baridi hii! Atakufa humo ghalani. Nimempelekea blanketi. Unajua imenikumbusha nini? Maulidi yako ya kwanza hapa kijijini, yale tuliyokula pilau tumejifunika khanga mbili mbili, vijana wa dufu wanapiga huku meno yanagongana. Unakumbuka? Mwenzangu, ilikuwa baridi!"

"Nakumbuka."

"Afadhali Maulidi haya ya mwaka huu, japo mvua ilitunyeshea mpaka sufuria zikajaa maji. Yule mwalimu wako wa kusoma Maulidi akalowa kama kuku!" Apolinaria akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu ungo ulikuwa umemponyoka Mwanamkuu na mchele wote ulikuwa chini.

Baridi. Mvua. Maulidi yale yale.

Mwanamkuu aliuacha mchele pale chini. Alikuwa amefunga Ramadhani za jua kali, ulimi umeganda kinywani, na alikuwa amefunga Ramadhani za masika, matope hadi magotini. Alijua, kama kila Mwislamu ajuavyo, kwamba miezi inayohesabiwa kwa mwandamo inatembea, kwamba kila mwaka inarudi nyuma kidogo na kuyazunguka majira yote mpaka inapofika tena ilikoanzia. Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Aliijua habari hiyo katika saumu, katika Idi, katika eda yake ya ujane. Katika nyanya tu hakuijua. Mfungo Sita ulikuwa umeondoka katika baridi, ukatembea hatua kwa hatua mpaka ukaingia katika mvua, na yeye aliufuata nyuma, mwaka baada ya mwaka, akiiteremsha miche mapema zaidi na zaidi, huku watu wakimsifu, mpaka akaipanda yote mbele ya meno ya baridi.

Ndipo sauti ya baba yake ikamrudia, ikiwa nzima, na maneno yake yote mahali pake. Mzee Abasi alikuwa ameinama juu ya tuta jeusi. Hakusema "Mfungo Sita una meno." Alisema, "Mfungo Sita *huu* una meno."

Huu. Neno moja dogo, ambalo binti yake alilidondosha mahali fulani katika safari ya maisha, asigeuke kuliokota. Mzee hakuwa amemwachia sheria. Alikuwa amesema habari za mwaka ule tu, na mauti hayakumpa nafasi ya kusema habari za mwaka mwingine.

"Mwanamkuu! Mwanamkuu, una nini?" Apolinaria alikuwa amemshika mabega.

"Nimemfunga mtu," alisema. "Apolinaria, nimemfunga mtu kwa neno nililolipoteza."

Walimkuta Silasi akifunga banda la kuku. Alimsikiliza Mwanamkuu hadi mwisho, kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akatikisa kichwa.

"Mama, asubuhi ulisema hivi mbele ya watu wote. Jioni unasema vile. Watasema umemwonea huruma mkewe. Mimi nitawaambia nini?"

"Usiwaambie kitu. Kesho, kabla hajapelekwa, teremkeni naye mbugani alfajiri. Mbingu hazina wingu, upepo hakuna. Ikiwa ni jalidi, itarudi."

"Na isiporudi?"

Mwanamkuu akatazama kuelekea ghalani. Isiporudi, Kashindye atapanda garimoshi, na mkewe atazaa bila mume, na yeye Mwanamkuu ataishi na jambo hilo mpaka kufa kwake.

"Isiporudi," alisema Silasi, "garimoshi halingoji."

Usiku ule hakulala. Kulipopambazuka walishuka pamoja: Silasi na kofia yake, Raymundi na rungu lake, Apolinaria, wazee kadhaa waliojikunyata, na Kashindye katikati yao amejifunika blanketi, makapi ya karanga yamemganda nyweleni. Mwanamkuu alitangulia. Hakuthubutu kutazama mbali. Alitazama kandambili zake, na kila alipokanyaga alisikiliza.

Katikati ya mteremko nyasi zilikuwa kavu, za rangi yao ya kawaida. Wakaendelea. Chini kidogo, zilikuwa bado kavu. Kisha, pale mfereji wa wapagazi unapoingia bondeni, mguu wake ulikanyaga kitu kilichovunjika kwa mlio mwembamba, kama ganda la yai.

Akainua macho. Mbuga nzima ilikuwa nyeupe.

Wazee walirudi nyuma. Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Apolinaria alimshika Mwanamkuu mkono kwa nguvu mpaka kucha zikamwingia. Weupe ulikuwa umetanda juu ya nyasi, juu ya matuta, juu ya mabaki ya nyanya, juu ya vijiti. Hapakuwa na unyayo wa mtu, na hapakuwa na gunia duniani ambalo lingetosha kuufunika uwanda ule.

"Chumvi," alisema Raymundi, lakini safari hii kwa sauti ya mtoto.

"Ionje," alisema Mwanamkuu.

"Mimi, bibi?"

"Wewe uliyeipa jina. Ionje."

Raymundi akachuma jani, akalitazama kana kwamba litamng'ata, akaliweka ulimini. Uso wake ukabadilika. Akalitoa, akalitazama tena, akageukia watu wote na macho yamemtoka.

"Ni maji," alisema. "Mwenyekiti, haina chumvi. Ni maji!"

Silasi naye akainama, akakwangua kwa kidole, akaonja. Wazee wakaonja, mmoja mmoja, kama watu wanaopokea komunyo. Kashindye peke yake hakuonja.

"Onjeni vizuri," alisema kutoka ndani ya blanketi. "Msije mkaniambia kesho kwamba ni sukari."

Silasi alivua kofia.

"Ndugu Kashindye, kijiji kinakuomba radhi."

"Kijiji kimelala vitandani, Mwenyekiti. Aliyelala juu ya karanga ni mimi." Kisha akamgeukia Mwanamkuu, na kiburi chake chote kilikuwa kimerudi mahali pake. "Na wewe mama uliulizwa swali moja tu."

"Niliulizwa swali moja," alisema Mwanamkuu, "nikajibu la mwaka mwingine."

Aliwaeleza yote, akiwa amesimama katika weupe ule: habari za baba yake, habari za Maulidi yanayotembea, habari za neno alilolidondosha. Alieleza waziwazi, bila kujitetea. Watu walimsikiliza wakikanyaga huku na huku kwa baridi, na kadiri alivyosema ndivyo nyuso zao zilivyozidi kushangaa. Kwa maana waliposhangaa weupe walishangaa jambo la Mungu, lakini sasa walikuwa wakimshangaa mtu waliyemtegemea kama ukuta.

"Sawa," alisema Silasi. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulimtaka aulize linalofuata. "Kitaluni bado kuna miche ya akiba. Sasa tuishushe lini?"

Wote wakamgeukia yeye, kwa mazoea. Mwanamkuu akafumbua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu afike Ikongwa hapakuwa na sauti ya mtu yeyote nyuma ya sauti yake.

"Sijui," alisema.

"Umesemaje, mama?"

"Nimesema sijui."

Akapiga magoti penye tuta la kwanza, akaanza kung'oa mimea iliyokufa. Ilitoka bila kushindana. Nyuma yake, mzee mmoja akasema kwa woga kwamba kwao zamani walikuwa wakingoja mwezi wa nane, na mwingine akasema hapana, wa saba unatosha, na Raymundi naye akatoa mwezi wake, na sauti zikaanza kupandana.

"Ngojeni kwanza," sauti ya Kashindye ikawakata wote. "Huo wa nane ni wa nane upi? Wa kalenda, au wa msikitini?"